Kilo Mbili za Gunia

Mzani wa kambini kwetu haujui kubembeleza mtu. Umekaa kwenye pembe ya chumba cha nesi, rangi imebanduka, na unaupanda peku, una fulana na bukta tu, huku nesi anaitazama namba kana kwamba anatazama jino bovu. Mara tatu nimeupanda nikitaka kwenda kozi ya usajenti, na mara tatu umenirudisha bohari nikagawe buti. Mara ya kwanza nilizidi kilo tano, nikasema ni uzazi. Mara ya pili nilizidi kilo nne, nikasema mzani mbovu. Mara ya tatu nilizidi kilo saba, nikanyamaza, maana hata visingizio vilikuwa vimeniishia.

Kwa urefu wangu mwisho ni kilo sitini na nane. Ukizidi hata nusu, kozi huendi.

Sasa watu wakisikia hivyo wanadhani mimi ni mtu wa kulala. Thubutu! Natembea na mzigo mgongoni kutwa nzima, nalenga shabaha vizuri, na kwenye kwata sauti yangu inafika mpaka kwa wapishi. Ni huu mwili tu ndio una mambo yake. Ukionyeshwa wali, unanenepa kabla sijaula. Na miaka haikunisubiri. Wasichana tuliopiga kwata pamoja walikwenda kozi wakarudi na V tatu mkononi, mimi nimebaki na mbili zangu za ukoplo. Mmoja wao nilimfundisha mwenyewe kufunga kamba za buti, na leo nasimama mguu sawa mbele yake. Inauma, sitaki kudanganya. Mimi nilitaka kuwa mkufunzi wa makuruti, nisimame uwanjani asubuhi nipige kelele mpaka kunguru waruke. Mungu hakunipa sauti hii nihesabie soksi.

Mara ya nne ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mwaka unaofuata umri wa kozi ungekuwa umenipita, na bohari ingekuwa yangu mpaka nistaafu. Nikaomba likizo yangu ya siku ishirini na nane, nikapanda mzani siku ya kuondoka: sabini na nne. Kilo sita za kutoa. Nikamwambia mume wangu naenda kwetu Suma, Rungwe, nikakimbie milimani, kuna baridi, kuna hewa, hakuna anasa.

"Rungwe?" akasema. "Ya ndizi na maziwa? Nenda popote, nenda hata jangwani, lakini kwenu usiende. Mtu hajitibu ulevi kilabuni."

Yeye ni mtu wa Dodoma, na alipokuja kwetu kuposa alikaa wiki moja akarudi suruali hazifungi. Kwa hiyo alijua anachosema. Mimi nikabisha, kama kawaida yangu.

Tukuyu niliikuta inanyesha, kama nilivyoiacha. Nikachukua bodaboda mpaka Suma, begi mgongoni, nimelowa chapachapa. Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni. Akanitazama toka kichwani hadi miguuni, akashika mdomo.

"Mwanangu," akasema, "mbona umekwisha hivi?"

Sabini na nne, jamani! Nimekwisha!

Mama anaishi peke yake tangu baba alipofariki. Ana ng'ombe mmoja wa maziwa, migomba iliyoizunguka nyumba, miparachichi mitatu, na shamba la chai alilolichuma tangu kabla mimi sijazaliwa. Magoti yanamsumbua, lakini mikono yake haijui kukaa. Jioni ile nilimweleza kila kitu. Nikamwambia kozi, nikamwambia sitini na nane, nikamwambia safari hii nikikosa basi tena. Alinisikiliza kwa makini, akitikisa kichwa.

"Nimeelewa," akasema. "Sasa kula, kisha tutaanza."

Sahani aliyoniwekea ingelisha kombania.

Kesho yake alfajiri nikavaa raba, nikatoka. Kambini kila mtu anakimbia, hata mpishi anakimbia, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimesahau kwamba kwetu mtu mzima hakimbii. Mtoto anakimbia, mbuzi anakimbia, lakini mama wa watu anatembea. Ukimwona anakimbia kabla jua halijatoka, ama kuna mtu anajifungua, ama kuna mtu amekufa.

Nilipopita kwa bibi jirani yetu, yeye alikuwa anafagia uwanja. Akanyoosha mgongo.

"Mjukuu wangu, kuna nini huko?"

Mimi nilikuwa napanda mlima, pumzi sina. Nikainua mkono tu, nikapita. Kumbe yeye ameona mtu aliyeshindwa kusema kwa uchungu.

Nilizunguka kama saa nzima, nikarudi najisikia mwanajeshi kwelikweli. Nikaukuta uwanja wa mama umejaa watu. Wanawake mikono kichwani. Wanaume wamekaa kwenye magogo, wameinama. Mmoja kaja na mkungu wa ndizi, mwingine na mzigo wa kuni, mwingine na unga. Na katikati yao mama yangu mwenyewe, analia kuwashinda wote. Nikamwaza mtoto wangu, nikamwaza baba yake.

"Nani amekufa?" nikauliza, machozi yashaanza kunilenga.

Kila mtu akamgeukia mwenzake. Mama akanyamaza ghafla, akanitazama, akaja akanishika uso kwa mikono miwili yenye harufu ya maziwa. Alikuwa zizini anakamua. Alipotoka aliwakuta watu wanalia uwanjani kwake, akaenda chumbani hakunikuta kitandani, akaunganisha mwenyewe.

Bibi jirani alikasirika kuliko wote.

"Sasa kama hakuna aliyekufa, ulikuwa unakimbia nini?"

"Nakimbia nipunguze mwili, bibi."

"Mwili umekukosea nini?"

Na chakula kilicholetwa msibani kwetu hakirudi nyumbani, kwa hiyo zile ndizi zikamenywa, kuni zikawashwa, watu wakala wakicheka mpaka saa nne. Nilikula sahani mbili. Ningekataaje chakula cha msiba wangu mwenyewe?

Siku ya tatu ilikuwa siku ya kununua chai, nikambebea mama tenga lake mpaka kituoni. Kituo chenyewe ni nguzo nne na mabati, na katikati unaning'inia mzani wa duara wenye mshale, chini yake ndoano. Wakulima wanapanga foleni, magunia ya majani mabichi yanatundikwa moja moja, karani anasoma kilo kwa sauti na kuandika. Karani huyo nilisoma naye darasa moja shule ya msingi, alikuwa ananiibia penseli.

"Afande," akasema aliponiona, "na wewe umeleta chai?"

"Nimeleta nyama. Nipime."

Likatafutwa gunia tupu, kamba ikafungwa, wanaume wawili wakanitundika. Nikabaki naning'inia, magoti yamenifika kidevuni, kama watoto wachanga wanavyopimwa kliniki. Wanawake walicheka mpaka wengine wakakalia chai yao. Karani akasubiri mshale utulie, akapaza sauti ileile anayowatangazia wote:

"Sabini na mbili!"

Nilishuka pale nikicheza. Sabini na nne kambini, sabini na mbili Suma! Yaani safari peke yake imenitoa kilo mbili! Nikamtafuta mama anipongeze. Alikuwa anautazama mshale, kisha akamtazama karani, kisha akainama kwenye tenga lake akaanza kuchambua majani magumu. Nikajisemea magoti yanamuuma leo.

Kuanzia siku hiyo uzito wangu ukawa mali ya kijiji kizima. Napita njiani, mtu yuko juu kabisa kwenye mgomba, anapiga kelele: "Afande, ngapi leo?" Watoto wa shule walinikimbiza mpaka darajani wakihesabu moja-mbili, moja-mbili. Hilo sikulichukia. Taabu ilikuwa kuingia kwenye nyumba za watu. Kwetu mgeni haondoki na mdomo mkavu. Nimefika mahali kusema ugonile tu, salamu ya asubuhi, nishawekewa kiti, nishaletewa ndizi za kupika na bakuli la maziwa mgando. Nikikataa, sura inabadilika. Bibi jirani nilimkatalia mara moja, siku ya pili akaenda kwa mama kuuliza amenikosea nini, na kama ni yale maneno ya siku ya msiba basi anaomba yaishe. Ikabidi nirudi nikale. Nilikula nikimlaumu mume wangu kwa kuwa na akili.

Kwa mama lakini nilikuwa na uhakika. Tulipatana: mimi ni mboga za majani za kuchemsha na kipande kimoja cha ndizi, basi. Nakimbia asubuhi, nachuma chai mchana, jioni nala majani. Siku ya saba nikatundikwa, sabini na mbili. Siku ya kumi nikatundikwa, sabini na mbili. Karani akanihurumia, akautingisha mzani kidogo, labda umekwama. Sabini na mbili.

Nilirudi nyumbani nimefura. Nikaingia jikoni kwa mlango wa nyuma, na nikamkuta mama ameinama juu ya sufuria ya mboga zangu, pembeni ana bakuli la karanga za kusaga, na mkononi kopo la samli aliyoisukasuka mwenyewe.

"Mama!"

Hakushtuka hata kidogo.

"Mboga bila karanga ni malisho, mwanangu. Nimeweka kijiko kimoja tu."

Kijiko chenyewe kilikuwa upawa.

Hapo nilipandwa na hasira. Nilimfokea mama yangu kwa sauti ya kwata, nikamwambia ananiua, ananifunga bohari kwa mikono yake, nikamwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Ng'ombe alilia huko zizini. Mama alifunika kopo lake taratibu, akalirudisha kwenye rafu, akatoka nje kwenda kukata majani ya ng'ombe. Mpaka leo nikikumbuka naona haya. Lakini sikumwomba msamaha siku ile, kiburi kilinizuia. Nikaanza kujipikia mwenyewe.

Na kilo zikaanza kushuka. Nilichuma chai kama mtu anayedaiwa roho. Nilibeba matenga ya mama, na ya bibi jirani, na ya yeyote aliyekuwa na tenga. Nilikuwa napanda ule mlima wa kituoni mara nne kwa siku. Karani akasoma sabini na nusu, watu wakapiga makofi. Akasoma sitini na tisa, bibi jirani akapiga kigelegele, yeye aliyesema mwili umenikosea nini. Siku ya ishirini nikatundikwa kwenye gunia langu, lililokuwa limeshakuwa gunia langu hasa, hakuna aliyeruhusiwa kutia chai humo. Mshale ukacheza, ukatulia. Hata mvua ilikuwa imesita.

"Sitini na nane!"

Wee! Nilishushwa nikabebwa juu juu. Wanawake walicheza kwenye matope, karani akanipigia saluti kwa mkono wa kushoto, mjinga yule, nikamsamehe penseli zote. Siku nane za likizo zimebaki na kilo zimeshakwisha! Nikaanza kuota kiti, chai ya maziwa, chapati. Nilipogeuka kumtafuta mama, alishaondoka. Nilimwona mbali kwenye kilima anakwenda na magoti yake yale mabovu, haraka kuliko nilivyowahi kumwona.

Nikamkuta jikoni. Mvua ilikuwa imeanza tena juu ya bati. Alikuwa na ndizi mbele yake na kisu mkononi, lakini hamenyi.

"Kaa hapa," akasema.

Nikakaa.

"Yule anakata kilo mbili."

"Nani?"

"Karani. Kila gunia anakata mbili kabla hajasoma. Moja ya gunia, moja ya maji ya umande. Hata wewe amekukata. Mara zote amekukata."

Kwanza nilicheka. Halafu nikahesabu. Sabini na nne kambini, sabini na mbili hapa. Safari haikunitoa kitu. Sitini na nane ya leo ni sabini.

"Ulijua tangu siku ya kwanza?"

"Nauza chai miaka thelathini na zaidi. Ningeachaje kujua?"

"Na ukanyamaza! Mama, nimebakiza siku nane! Ningeanza kula kesho! Ningefika kule nikapanda mzani mbele ya wale wasichana, nikaaibika mara ya nne, ya mwisho. Kwa nini?"

Aliinuka kwa kushika ukuta, akaenda chumbani, akarudi na mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nyingi. Ndani yake kulikuwa na kadi yangu ya kliniki. Sikujua kama bado ipo. Imechakaa kwenye mikunjo, ina madoa, lakini rangi zake bado zinaonekana, kijani juu, nyekundu chini, na vile vinukta vya kalamu vinavyoonyesha uzito wa mtoto mwezi hadi mwezi. Vyangu vya mwanzo vyote viko kwenye nyekundu.

"Mwaka uliozaliwa niliumwa," akasema. "Maziwa yalikataa. Nikakupeleka kliniki, wakakutundika, na nesi akainyanyua kadi hii juu, wanawake wote waione. Akasema, tazameni, mama huyu anakula mwenyewe, mtoto analala njaa. Walicheka. Nilitembea toka kule mpaka hapa nimekufunika uso wako na kanga, ili nisikutane na mtu akakuona. Kila mwezi nilikuwa nasimama chini ya mzani ule naomba, Mungu wangu, sogeza mshale mbele kidogo. Kidogo tu. Sasa umekuwa mkubwa unakuja kuniambia niurudishe nyuma. Mikono yangu haijui, mwanangu. Ikiona sufuria yako inatia samli yenyewe."

Nilikuwa na hasira bado, lakini haikuwa na pa kukaa.

"Na hilo la karani?"

Akatazama ndizi zake.

"Hilo nililifanya kwa akili yangu. Nilijisemea ukifurahi mapema utaacha njaa. Na ukishindwa utarudi bohari. Bohari kuna ubaya gani? Kuna paa, unakula, unalala. Lakini leo nimekuona unavyocheza kule kituoni. Sijakuona ukicheza hivyo tangu ulipofaulu darasa la saba. Nikashindwa kukaa pale."

Nikatoka mvuani nikiwa sina hata mwavuli, mpaka kituoni. Karani alikuwa anasubiri gari la kupakia, na wanawake wachache wamejikinga pamoja naye chini ya bati. Nikamuuliza mbele yao kama alinikata kilo mbili. Akautazama mkono wake wa kulia.

"Loo," akasema. "Dada yangu, nisamehe. Mkono umezoea. Chochote kinachoning'inia hapa, unakata wenyewe."

"Kumbe hata mtu mnamkata!" bibi mmoja akadakia. "Afande mzima! Basi sisi na majani yetu tutapona?"

Wakamgeukia karani, nami nikaondoka nikawaacha. Alikuwa na maswali mengi ya kujibu jioni ile.

Asubuhi nilikwenda Makandana, pale Tukuyu, kwenye duka la dawa lenye mzani mlangoni. Sabini kamili. Nilirudi nikamkuta mama amekaa na kadi palepale jikoni, hajairudisha. Nikaichukua nikaitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Miezi saba kwenye nyekundu. Mwezi wa nane kinukta kimechungulia nje. Kisha kinapanda, kinapanda, mpaka kinaisha kadi. Kila kinukta ni yeye amekibeba mgongoni kwenda na kurudi kwa miguu.

"Mama," nikamwambia, "nilikufokea. Nisamehe."

"Ulifoka vizuri," akasema. "Sauti hiyo kweli si ya bohari."

Kisha akaniuliza siku ngapi zimebaki. Nikasema saba. Akatoa kopo la samli kwenye rafu, akavaa viatu vya mvua, akalipeleka kwa bibi jirani likatunzwe huko, na karanga nazo. Aliporudi alikuwa ameshika fimbo ya kuswagia ng'ombe.

"Kuruti," akasema, "toka nje."

Basi nikapata mkufunzi. Wakufunzi niliopitia kambini wote walikuwa na huruma, sasa ndiyo nimejua. Alikuwa anakaa juu ya jiwe kwenye ncha ya shamba la chai, mwavuli mkono mmoja, fimbo mkono mwingine, mimi napanda na tenga mgongoni, nashuka, napanda. Nikifika juu nikitaka kupumua, ananyoosha fimbo kule chini. "Tena." Nikikaribishwa kwenye nyumba ya mtu yeye ananitangulia mlangoni: "Huyu yuko kazini, ndaga, asanteni." Na kwa kuwa ni yeye aliyekataa, hakuna aliyenuna. Mboga alinipikia mwenyewe, kwa maji na chumvi, na mara ya kwanza aliyoniwekea aligeuza uso ukutani nilipokuwa nakula. Najua ilivyomgharimu. Njaa yangu ilikuwa ya tumbo tu, yake sijui ilikuwa ya wapi.

Kituoni sikurudi kupimwa. Tulikubaliana hatutauliza mzani wowote mpaka ule wenyewe.

Siku ya kuondoka alinipa maparachichi manne ameyafunga kwenye gazeti. Aliyachuma asubuhi ile, magumu, ungempiga nayo mtu akazimia.

"Unapimwa lini?"

"Siku tano baada ya kufika."

"Haya yataiva siku hizohizo. Kabla ya mzani usiguse hata moja. Baada ya mzani kula, hata ukishindwa. Umenisikia? Hata ukishindwa."

Nilikaa nayo siku zile tano chini ya kitanda changu. Mume wangu aliponiona alinizunguka mara mbili kama anayenunua baiskeli, akasema hajui amwombe nani msamaha, mimi au Rungwe. Nilikula nusu ya nusu. Usingizi wenyewe ulikuwa wa mang'amung'amu, naota naning'inia kwenye gunia na karani anasoma namba zisizokwisha.

Siku ilipofika tulikuwa kumi na moja kwenye foleni, mimi mkubwa kuliko wote. Nikavua buti. Nikapanda peku, nikatazama ukutani palipobandikwa picha ya mbu. Nesi akakohoa.

"Shuka."

Nikashuka. Nikajua tayari, bohari hiyo.

"Panda tena."

Nikapanda. Akainama mpaka pua ikakaribia namba.

"Sitini na saba na nusu," akasema, akaandika. "Umefaulu, koplo. Mwingine!"

Nililia palepale, nimevaa bukta, mbele ya watoto wadogo wa jeshi waliokuwa wanasubiri zamu. Sikuona aibu. Miaka sita ya kurudishwa bohari! Nilivaa suruali, nikavaa buti la mguu huu kwenye ule, nikavua, nikavaa tena, nikaenda kukaa chini ya ukuta nyuma ya bohari ambako mtandao unashika vizuri, nikampigia mama.

"Mama. Sitini na saba na nusu."

Nilisikia mvua ya kwetu ikinyesha kwenye simu.

"Wamekata?"

"Hawajakata, mama. Huku hawakati."

"Apa."

"Haki ya Mungu."

Akashusha pumzi ndefu. Nilidhani atapiga kigelegele, au ataomba, au atanipa maneno ya kwenda nayo kozi. Akauliza kama maparachichi yameiva. Nilikuwa nimeyabeba kwenye mfuko wa suruali, mawili. Nikabonyeza moja kwa kidole gumba, likabonyea.

"Yameiva, mama."

"Basi kula," akasema. "Kula nikusikie."

Nikalipasua kwa mkono, nikatoa kokwa, nikala lote bila chumvi, simu nimeibana sikioni, na mama yangu kule Suma akanisikiliza mpaka nikamaliza.